Ngozi Haifuliwi: Mawese, Sabuni na Historia ya Usafi Katika Mwambao wa Rumonge

Kuna zoezi moja la msamiati ambalo linaonekana jepesi lakini huzua ubishi kila linapotolewa darasani. Mwalimu huandika ubaoni vitenzi kadhaa: kufua, kuosha, kupangusa, kusugua, kupaka, kung'arisha. Kisha huwataka wanafunzi wakipe kila kitenzi nomino inayokifaa. Nguo hufuliwa, hilo halina mjadala. Vyombo huoshwa. Meza hupanguswa. Tatizo huanza inapofika zamu ya viatu. Wako watakaosema huoshwa, wengine hufutwa, wengine hupigwa kiwi, wengine hupakwa dawa. Raba za kitambaa hufuliwa na hakuna anayeshangaa, lakini mtu akisema amefua viatu vyake vya ngozi, darasa zima hucheka.

Makala haya yanadai kwamba kicheko hicho kina historia. Kiswahili kinaiweka ngozi ya mnyama iliyokwisha kuchunwa upande wa mwili wa binadamu, wala hakiiweki upande wa nguo. Jina ni lilelile, ngozi, na vitenzi vya kuitunza ni vilevile: hupanguswa, husuguliwa, hupakwa mafuta. Jirani zetu wanaosema Kirundi nao husema gusiga amavuta kwa maana ya kupaka mafuta, na kufua wana kitenzi chake mbali kabisa, kumesura. Matumizi haya yamehifadhi maarifa ya kazi ambayo wageni kadhaa waliopita katika mwambao wa Ziwa Tanganyika waliyatazama wasiyaone, wakayaita uchafu. Tuutazame mwambao huo, hasa upande wa Burundi, na hasa Rumonge, kwa sababu ni vigumu kupata mahali pengine ambapo mafuta, sabuni na ngozi vimekutana kwa karibu hivyo.

Rumonge ni mji wa ufukoni, umbali wa kilomita zaidi ya 70 kusini mwa Bujumbura. Ulikuwa makao makuu ya mkoa uliobeba jina lake kuanzia 2015 hadi mikoa ya Burundi ilipogawanywa upya mwaka 2025. Watu wanaujua kwa mambo matatu: samaki, mawese na Kiswahili. Mawese, yaani mafuta mekundu ya tunda la mchikichi, Warundi huyaita amamesa. (Wanafunzi wanaojua Kinyarwanda, ambamo kumesa ni kufua nguo, hupenda kuyaunganisha maneno haya mawili na sabuni ikiwa kiungo. Mfanano wa sauti pekee si ushahidi, tusiwe wepesi.)

Twende mwaka 1858. Mwezi Aprili wa mwaka huo Richard Burton na John Speke walitoka Ujiji kwa mitumbwi, wakapita kandokando ya sehemu ya pwani ya Burundi, wakafika Uvira. Burton aliandika mengi juu ya watu wa mwambao, mara nyingi kwa dharau. Aliyataja mawese kuwa bidhaa ya biashara ziwani. Alieleza pia kwamba watu walivaa ngozi zilizolainishwa na vitambaa vya magome ya miti, ambavyo yeye aliviita mbugu kama alivyosikia. Juu ya mbugu anasema kwamba havikufuliwa kamwe, na kwamba baada ya miezi kadhaa ya kuvaliwa, taka iliyozidi iliondolewa kwa siagi au samli.

Msomaji wa haraka hapo hushika neno moja tu: havikufuliwa. Lakini maneno yanayofuata ndiyo yenye uzito. Uchafu uliondolewa kwa mafuta. Gome lililopondwa likilowekwa na kukamuliwa mara kwa mara hulegea na kuchanika. Ngozi nayo ikilowa na kukaukia juani hukakamaa kama ubao, kwa sababu nyuzi zake hugandamana. Mafuta hukaa kati ya nyuzi hizo na kuziacha ziteleze. Zaidi ya hapo, uchafu mwingi wa vazi la ngozi ni mafuta yaliyozeeka: jasho, moshi wa jiko, vumbi lililonata. Mafuta mapya huyalainisha ya zamani, kisha yote hupanguswa pamoja. Yeyote aliyewahi kutoa grisi mkononi kwa mafuta ya kula anaijua kanuni hii.

Tulinganishe na tukio la mwaka 1871. Katika kitabu chake cha safari, Henry Morton Stanley anasimulia jinsi alivyojiandaa kuingia Ujiji kumtafuta Livingstone. Alimwagiza kijana wake Selim amtolee suti mpya ya fulana, aipake chaki kofia yake, na aipake mafuta mikono? Hapana, viatu vyake. Alitaka aonekane nadhifu mbele ya mzee yule na mbele ya Waarabu wa mji. Wiki chache baadaye, mwezi Novemba, Stanley na Livingstone walipanda mtumbwi wakaifuata pwani ya Burundi kuelekea kaskazini, wakahakikisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki. Jiwe lililopo Mugere, kusini mwa Bujumbura, lina tarehe ya 25 Novemba 1871 kwa ukumbusho wa kupita kwao.

Sasa tazama. Mtu wa mwambao aliyesafisha mbugu yake kwa siagi na Mwingereza-Mmarekani aliyepakiwa viatu vyake mafuta walifanya jambo moja, kwa sababu moja, katika mwambao mmoja, tofauti ya miaka 13. Wa kwanza ameingia vitabuni kama mfano wa uchafu, wa pili kama mfano wa unadhifu. Kwangu mimi hili ni somo zuri la matini za wasafiri kuliko mengi tunayowapa wanafunzi, maana hatuhitaji shahidi mwingine nje ya vitabu hivyo viwili.

Nisieleweke kwamba siagi haina kasoro. Siagi huchacha na kunuka, huvuta wadudu, na katika joto la ziwani huotesha ukungu upesi. Mawese nayo huacha rangi. Lakini kasoro za dawa ni jambo moja, na kutokuwa na dawa ni jambo jingine.

Wakati huohuo usafi wa namna nyingine ulikuwa umekwisha kufika ziwani. Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani na Unyamwezi iliifanya Ujiji kuwa kituo chao, na kutoka huko walivuka kwenda Manyema au walikwea kaskazini kuelekea Uzige. Walifuata pembe na watumwa kwanza, chumvi ya Uvinza, mawese na ng'ombe baadaye. Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alijaribu katika miaka ya 1880 na 1890 kuitawala pwani ya Burundi, ila milimani mwami Mwezi Gisabo hakumpa nafasi. Kilichobaki mwambaoni baada ya vurugu hizo ni Uislamu na Kiswahili. Hadi leo nchini Burundi neno Umuswahili humaanisha Mwislamu wa mjini kabla ya kumaanisha kitu kingine chochote.

Pamoja na dini hiyo lilikuja somo la tohara, na humo ngozi ina mlango wake. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi Afrika Mashariki, ngozi ya mnyama aliyechinjwa kisheria na anayeliwa ni twahara. Ngozi ya nyamafu ni najisi, lakini hutwaharika ikidibaghiwa, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Kudibagha ni kuitia ngozi dawa kali inayokausha majimaji yake na kuzuia isioze tena, kwa mfano maganda ya komamanga au tunda la mgunga. Kuianika juani tu au kuipaka udongo hakutoshi kwa madhehebu haya, maana ikilowa itanuka upya. Mafundi wa ngozi watakwambia vivyo hivyo bila kufungua kitabu cha fikihi: ngozi iliyokauka haijawa ngozi iliyotengenezwa.

Kwa mwalimu wa lugha faida kubwa ya mlango huo ni kutenganisha maneno ambayo mazungumzo ya kawaida huyachanganya. Doa si najisi. Damu ikioshwa ipasavyo na rangi yake ikakataa kutoka, rangi hiyo husamehewa: doa limebaki, najisi imeondoka. Kinyume chake pia ni kweli. Mkanda unaweza kung'aa kama kioo na usifae kuswalia. Taka, uchafu, doa, najisi na janaba kila kimoja kina mahali pake, na tafsiri nyingi za wanafunzi huanguka hapa kwa sababu wamejifunza neno moja tu, chafu.

Huko pwani kwenyewe ufundi wa ngozi ulikuwa na heshima kubwa. Mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate ulisifika kwa viatu, mikanda na majalada ya vitabu, pamoja na kunakili misahafu. Makubadhi ya ngozi yaliyotariziwa ni vazi la pwani hadi sasa. Katika bara maneno mengi ya ngozi ni ya Kibantu na yanapatikana pande zote mbili za ziwa. Kirundi kina urukoba kwa ngozi ya mnyama, na sisi tuna mkoba, ambao zamani ulikuwa mfuko wa ngozi kabla haujawa wa plastiki. Kirundi kina ikirato, sisi tuna kiatu, na mwanafunzi aliyesoma jinsi Kiswahili kilivyopoteza sauti l katikati ya irabu hatapata taabu kuona undugu wake. Kirundi kina pia ingobyi, ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni. Hebu mwulize mzazi yeyote ngozi ya namna hiyo inahitaji nini kila siku, na utajua kwamba akina mama wa milimani hawakuhitaji kufundishwa na mtu maana ya doa.

Walipokuja Wajerumani, waliofungua kituo cha kijeshi Usumbura (Bujumbura ya leo) mwishoni mwa miaka ya 1890, na baadaye Wabelgiji walioiteka nchi mwaka 1916, ngozi ilipata maana nyingine: fedha. Kabla kahawa haijatawala katika miaka ya 1930, ngozi za ng'ombe zilikuwa miongoni mwa bidhaa kuu zilizotoka nchini. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 iliurahisishia mwambao njia ya kwenda Dar es Salaam. Katika biashara hiyo doa lilikuwa na bei yake. Ngozi iliyotandazwa chini na kupigiwa vigingi ilishika mchanga na samadi, ikaungua kwa joto la ardhi, ikaoza ndani huku juu ikionekana nzima. Damu isiyooshwa mapema iliacha alama ambazo hazikutoka hata baada ya kiwanda. Kisu kilichoteleza kiliacha tundu. Idara za mifugo katika Kenya, Uganda na Tanganyika zilihubiri jambo moja kwa miaka mingi: osha ngozi mara tu baada ya kuchuna, iwambe kwenye fremu, ikaushe kivulini kwenye upepo. Ngozi zilizokauka zilitiwa hata arseniki ili wadudu wasizitoboe, usafi ambao ulikuwa hatari kwa mikono ya makuli.

Neno kuwamba linastahili kukumbukwa. Vijana wengi wanalijua kutoka kwenye methali pekee, mwamba ngozi huvutia kwake, na wengine hudhani mwamba hapo ni jiwe. Nchini Burundi kazi yenyewe bado inaonekana kwa macho kwenye ngoma. Ngozi ya ngoma huwambwa ikiwa mbichi, kwa vigingi, haitiwi dawa ya kiwandani, na inapokauka hujikaza. Ngozi hiyo ukiipaka mafuta mengi utaiua sauti. Kwa hiyo hata kanuni ya mafuta ina mipaka: kiatu kinataka kulainika, ngoma haitaki.

Turudi Rumonge na tuizungumzie sabuni. Mwaka 1911 kampuni ya Lever ilipata haki ya kuvuna michikichi katika Kongo ya Wabelgiji, kwa ajili ya viwanda vya sabuni. Mafuta yaleyale yaliyokuwa yakinunuliwa sokoni kwa kupikia na kujipaka yakaanza kurudi Afrika yakiwa mche wa sabuni. Wamishenari na shule waliipokea sabuni na pamba kama mapacha wa ustaarabu. Ngozi na magome yakawekwa kando, na pamoja nayo kitenzi kupaka kikashuka hadhi mbele ya kufua. Neno sabuni lenyewe lilikuwa limetangulia, kutoka Kiarabu kupitia Kiswahili, likawa isabuni katika Kirundi.

Mashamba makubwa ya michikichi ya Rumonge yana historia chungu ambayo hatuwezi kuiruka. Uasi wa tarehe 29 Aprili 1972 ulianzia katika tarafa hizi za kusini, na ukandamizaji uliofuata uliua watu wengi mno nchini kote, kwa makadirio mengi si chini ya 100,000. Maelfu ya wakazi wa mwambao walivuka kwenda Tanzania, ambako waliwekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Sehemu ya ardhi waliyoiacha ilipewa watu wengine au iliingizwa katika mradi wa serikali wa michikichi. Waliporejea, hasa katika miaka ya 2000, walikuta miti ya wengine imesimama juu ya viwanja vyao, na kesi zikawa nyingi. Walirejea pia na Kiswahili cha Tanzania. Haishangazi basi kwamba katika mwambao huu kitu kimoja kinaweza kuitwa dawa ya viatu, kiwi, au sirage ya Kifaransa, kutegemea mtu alikulia upande gani wa ziwa.

Sabuni ya mawese hutengenezwa hadi leo kwa mikono, pande zote za ziwa. Kigoma wanaijua kama gwanji. Mafuta huchemshwa, huchanganywa na kostiki soda, humiminwa kwenye fremu na kukatwa vipande. Ukichanganya na mafuta ya mise, yaani kiini cha kokwa, povu huongezeka. Ni sabuni nzuri kwa kitenge na kwa sufuria. Kwa ngozi ni adui. Ngozi iliyotengenezwa ina asili ya uchachu, na sabuni ya kufulia ni kinyume chake kabisa. Ikisuguliwa juu ya kiatu hutoa uchafu siku ya kwanza, halafu hukomba na mafuta yaliyomo ndani. Baada ya miezi ngozi hupauka, hukakamaa na kupasuka pale inapokunjika. Ndiyo maana sabuni maalumu ya matandiko ya farasi huongezewa mafuta au nta, na hutumiwa povu lake tu, maji kidogo. Mafundi wa Ulaya, kwa njia yao, waliirudia ile siagi.

Na mawese yenyewe ndiyo doa gumu kuliko yote mjini humo. Wekundu wake ni karotini, rangi ileile ya karoti. Katika nguo haisumbui sana, kwa sababu ukifua na kuanika juani rangi hufifia yenyewe. Hila hiyo haifai kwenye ngozi, kwani jua litakalofifisha mawese litaikausha ngozi kabla. Pia mawese hayawi kimiminika kamili wala mgando kamili katika joto la Rumonge, kwa hiyo hupenya polepole, na mtu hudhani ameyafuta kumbe yangali yanashuka.

Mkoba au kiatu kikidondokewa na mawese, kwanza yabonyezwe kwa kitambaa kikavu, yasisuguliwe, maana kusugua ni kuyatandaza. Kisha unga mkavu wa muhogo au chaki iliyosagwa inyunyizwe kwa wingi na kuachwa usiku kucha. Asubuhi unga utakuwa umebadilika rangi. Ukung'utwe kwa brashi laini na kazi irudiwe mpaka unga mpya ubaki mweupe. Maji na sabuni ya kufulia visikaribie. Doa la zamani lisilotoka halina haja ya kupigwa vita: mafuta kidogo ya ngozi yapakwe kitu kizima, pande zote sawa, ili weusi uenee usawa na doa lipoteze mipaka yake. Kitu kikilowa maji ya ziwa upande mmoja, dawa ni hiyohiyo: kiloweshwe kidogo upande wa pili kwa kitambaa, kijazwe karatasi, kikauke kivulini. Ukungu wa masika hupanguswa nje ya nyumba, kwa kitambaa chenye siki iliyozimuliwa, na kitu kiachwe kwenye upepo siku nzima kabla ya kupakwa chochote. Mafuta yakipakwa juu ya ngozi ambayo bado ina unyevu, ukungu hurudi ndani ya wiki.